Namna ya Kuandika Tafakuri ya Mradi wa Vielelezo Uliofanywa kwa Chapa na Animesheni

Kila muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi wanaosomea uchoraji wa vielelezo huniletea maswali yaleyale: tafakuri inatofautianaje na ripoti ya kazi, makosa yatajwe au yafichwe, mtu aandike nini ikiwa kazi ilikwenda vizuri, na kwa nini msimamizi anarudisha insha ya kurasa nne akisema kwamba haina tafakuri ndani yake. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa hatua. Umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye mradi wako umechanganya kazi mbili: kuchonga na kuchapa picha kwa mkono, kisha kuzipiga picha chapa hizo moja baada ya nyingine ili zitembee kwenye skrini.

Msimamo wangu niuweke bayana mapema. Tafakuri nzuri huandikwa kutokana na vitu vilivyo mezani. Chapa iliyochafuka, bamba la kuchapia lililochongwa hadi likaisha, faili la fremu (yaani picha moja ya animesheni) lenye tarehe yake, hivyo ndivyo vinavyojua kilichotokea. Kumbukumbu, baada ya majuma ya kazi, hubakiza uchovu na furaha ya kumaliza, na vyote viwili havimsaidii msomaji kuelewa kwa nini kazi yako iko jinsi ilivyo. Kwa sababu hiyo, hatua kadhaa za mwongozo huu huanza kabla hujagusa patasi, na ninakusihi usizisubirishe hadi wiki ya kuwasilisha.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mradi mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi ameagizwa atengeneze kielelezo cha methali, naye amechagua "Haba na haba hujaza kibaba". Ameamua kufanya animesheni ya sekunde 8 kwa bamba moja la lino, yaani zulia gumu la sakafuni linalochongeka kwa urahisi: mkono unadondosha punje za mchele, nazo zinajaa polepole ndani ya kibaba cheusi hadi ukingoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la kazi la ukubwa wa A4, lisilo na mistari, lenye karatasi nzito kiasi cha kuhimili vipande vya chapa vitakavyobandikwa ndani yake.
- Penseli laini, kwa mfano 2B, ya kuandika nyuma ya chapa. Wino wa kalamu hupenya kwenye karatasi nyembamba na kutokeza upande wa picha.
- Chapa zote bila kubagua, zikiwemo zilizoharibika, zikiwa zimekauka na kuhifadhiwa kwenye boksi au bahasha kubwa.
- Mabamba yenyewe yakiwa yamesafishwa. Wino wa mafuta hutoka vizuri kwa mafuta kidogo ya kupikia, kisha sabuni na maji, na hakuna haja ya kujaza chumba harufu ya mafuta ya taa.
- Fremu zote katika folda moja, zikiwa zimepewa majina kwa mfuatano, pamoja na nakala ya pili kwenye flashi au diski nyingine.
- Karatasi ya maelekezo ya mradi na vigezo vya usahihishaji ulivyopewa na mhadhiri wako.

Ikiwa bado hujaanza kazi yenyewe, utahitaji pia lino, au kipande cha zulia la plastiki la sakafuni, patasi ndogo za kuchongea, ambazo wengi huzitengeneza kwa mbavu za mwavuli zilizonolewa na kutiwa mpini, rola, kioo au kigae cha kusambazia wino, kijiko cha chuma cha kusugulia, tepu ya karatasi, na kamba yenye vibanio vya nguo kwa ajili ya kuanikia. Unapochonga, mkono usiokuwa na patasi ukae nyuma ya patasi wakati wote, na bamba likiwa gumu liweke juani kidogo lilainike.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Walimu wengi hutumia utaratibu wa kutafakari wa mtaalamu wa elimu Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye vipengele sita: maelezo ya kilichotokea, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa baadaye. Mwanafalsafa wa Marekani Donald Schön, mwaka 1983, alitenganisha kutafakari unapofanya kazi na kutafakari baada ya kazi kwisha. Mgawanyo huo wa Schön unamfaa sana mchapaji, kwa sababu maamuzi mengi ya bamba hufanyika mkono ukiwa juu ya patasi, na yasipoandikwa papo hapo hupotea kabisa. Ukishaelewa hilo, unaweza kufuata hatua zifuatazo.

Hatua kwa hatua

1. Andika kusudi la mradi kabla ya kuchonga. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari, andika sentensi moja inayoeleza unataka mtazamaji aone nini, na sentensi nyingine inayoeleza kwa nini umechagua kuchapa badala ya kuchora moja kwa moja kwenye kompyuta. Sentensi ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo itakayobeba tafakuri yako yote. Mwanafunzi wa mfano wetu anaweza kuandika hivi: "Kila pigo la patasi linaacha doa jeupe lisilofutika, nataka kila pigo liwe punje moja ya mchele." Hapo mbinu na methali zimeshikana tangu siku ya kwanza. Aliyeandika kwamba alichagua lino kwa sababu inavutia hatakuwa na jambo la kulirudia mwishoni.

*Tahadhari:* usirudi baadaye kuurekebisha ukurasa huu ili ufanane na matokeo. Pengo kati ya ulichokusudia na kilichotokea ni mali yako, na ukilifukia utakuwa umejinyima sehemu bora ya tafakuri.

2. Piga hesabu ya mwendo na uiache daftarini. Filamu za sinema kwa kawaida huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Picha moja ikishikiliwa kwa fremu mbili, unahitaji picha 12 kwa kila sekunde. Ikishikiliwa kwa fremu tatu, unahitaji 8. Kwa sekunde 8 hiyo ni sawa na picha 96 au 64. Mwanafunzi wetu anachagua 64: hatua 32 za kuchonga, kila hatua ikichapwa mara mbili na chapa hizo mbili zikifuatana kwenye skrini. Ikiwa kupaka wino, kulaza karatasi na kusugua kwa kijiko kunachukua dakika 4 kwa kila chapa, kazi ya kuchapa peke yake itazidi saa 4, kabla ya kuhesabu uchongaji. Hesabu ya namna hii, ikiwa imeandikwa, inaeleza baadaye kwa nini mwendo umekuwa wa kukatakata kidogo. Bila hiyo msomaji atadhani ni uzembe, kumbe ulikuwa ni uamuzi.

3. Ipe kila chapa jina kabla haijalazwa juu ya bamba. Andika nyuma ya karatasi, kwa penseli na bila kukandamiza, namba ya hatua na namba ya chapa. H07-2, kwa mfano, ni chapa ya pili ya hatua ya saba. Pembeni ongeza aina ya karatasi ikiwa umeibadilisha. Ukisubiri hadi baada ya kuchapa, utakuwa na karatasi iliyolowa wino usiyoweza kuigeuza, na chapa mbili zilizoanikwa pamoja hazitofautishiki kirahisi zikishakauka.

*Tahadhari:* usitumie namba za mtindo wa 1/64 ambazo wachapaji huziandika chini ya picha. Namba hizo ni za toleo la chapa zinazokusudiwa kufanana, ilhali katika mradi huu kila hatua ni picha nyingine. Wanafunzi wengi huziandika kwa mazoea, na mtahini anayeijua kazi huliona kosa hilo mara moja.

4. Andika uamuzi wakati unapoufanya. Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. Kila baada ya hatua chache za kuchonga, weka patasi chini uandike mistari miwili au mitatu: nini kimebadilika, nini hukukitarajia, umeamua nini. Usiandike hisia za jumla. Andika kilichoonekana kwenye karatasi.

Mfano wetu utaonyesha jinsi maamuzi hayo yanavyojitokeza. Jambo la kwanza ni mkono. Chapa hutoka ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, hivyo mwanafunzi aliyechora mkono wa kulia juu ya bamba atachapa mkono wa kushoto, na kwa mtazamaji wetu kumpimia mtu chakula kwa mkono wa kushoto si jambo dogo. Anaweza kuigeuza picha katika programu ya kuhariri, lakini hapo chapa zitakazotundikwa ukutani siku ya maonyesho zitapingana na animesheni inayoonyeshwa kando yake. Kwa hiyo inampasa kuchonga mkono wa kushoto ili upatikane wa kulia. Herufi nazo ni vivyo hivyo. Mnamibia John Muafangejo, aliyejaza maneno mengi ndani ya chapa zake za lino, alilazimika kuyachonga kinyumenyume.

Jambo la pili ni zito zaidi. Punje iliyochongwa haiwezi kurudishwa, maana bamba lililotobolewa halizibiki. Punje ikichongwa ikiwa angani, itabaki angani katika chapa zote zinazofuata, wakati katika hadithi inapaswa kuanguka. Mwanafunzi atagundua tatizo hili kwenye chapa ya majaribio au, akikosa bahati, katikati ya kazi. Ana njia kadhaa. Anaweza kuacha kabisa kuonyesha punje zikianguka na kuzifanya zitokee tu ndani ya kibaba. Anaweza pia kulichonga anga lote likawa jeupe, kisha akakata muhuri mdogo kutoka kwenye soli ya kandambili na kugonga kwa wino punje inayoanguka, mahali tofauti kwenye kila karatasi. Kwa njia hiyo ya pili punje itakuwa nyeusi angani na nyeupe ikishatua ndani ya kibaba. Je, mtazamaji atakubali kwamba ni punje ileile? Swali hilo, likiandikwa siku hiyohiyo pamoja na jibu ulilolichagua na sababu yake, lina thamani kuliko ukurasa mzima wa sifa za lino.

*Tahadhari:* usiendelee na hatua mpya ya kuchonga kabla ya kupata chapa mbili zinazofaa na moja ya akiba. Ukishachonga hatua ya 8, hatua ya 7 haipo tena duniani isipokuwa kwenye karatasi.

5. Weka kumbukumbu za upigaji picha pia. Wanafunzi wengi huacha kuandika chapa zinapokauka, wakidhani kazi iliyobaki ni ya mashine. Sivyo. Andika kama umetumia skana au simu, mwanga ulitoka wapi, na karatasi zililinganishwaje. Mtu anayepiga kwa simu anapaswa kuifunga kwenye stendi, na kuzima uwezo wake wa kujirekebisha mwanga, rangi na umakini wa lenzi, kwa sababu simu ikijirekebisha yenyewe kila fremu itakuwa na weusi wake. Mwanga wa dirishani hubadilika kadiri jua linavyosogea, na wingu moja linatosha kuonekana kwenye animesheni.

Kuhusu ulinganishaji, fanya hesabu ndogo. Bamba la milimita 160 kwa 90 lina umbo la skrini ya kawaida. Likijaza skrini yenye upana wa pikseli 1920, kila milimita 1 ya bamba ni pikseli 12. Karatasi ikiteleza kwa milimita moja tu, kibaba kizima kitaruka, na jicho la mtazamaji litaona mruko kabla ya kuona mchele. Wachapaji wa Japani walichonga alama za kulinganishia, ziitwazo kento, ndani ya ubao wenyewe. Wewe unaweza kubandika kona mbili za kadibodi ngumu kwenye ubao wa kuchapia na kuzitumia tena chini ya kamera. Ukitumia skana, chagua dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi), ambazo kwa bamba la ukubwa huo hutoa picha yenye upana wa pikseli 2520 hivi na kukuachia nafasi ya kusogeza.

6. Zitandaze chapa zote sakafuni kwa mfuatano. Fanya hivi kazi ikiwa imekwisha na kabla hujaandika hata aya moja ya tafakuri. Tembea kando yake taratibu, kisha chagua chapa tano au sita zinazokusimamisha, na usijali kama ni nzuri. Chagua iliyokushangaza, iliyokuudhi, ile ambayo baada yake ulibadilisha namna ya kuchonga, na ile unayotamani kuificha. Hizo ndizo zitakazokuwa mihimili ya maandishi yako. Zipige picha zikiwa zimetandazwa hivyo, kwa kuwa picha ya mfuatano mzima ni kielelezo kizuri cha kuweka ndani ya tafakuri.

7. Itazame animesheni mara tatu kwa njia tatu. Mara ya kwanza itazame kwa kasi yake bila sauti, ukiandika sekunde ambayo jicho lako lilihama. Mara ya pili itazame fremu kwa fremu ukiwa na chapa husika mkononi. Mara ya tatu mwombe mtu asiyeijua methali uliyoichagua, au asiyejua kwamba umeitumia, aitazame akueleze ameona nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasahihisha. Ikiwa amesema ameona wadudu wakiingia kwenye chungu, andika hivyo, na urudi kwenye zile punje nyeusi zilizogongwa kwa muhuri uangalie kama ndizo zilizompeleka huko.

8. Andika aya moja kwa kila chapa uliyoichagua. Kila aya ijibu mambo matatu kwa mfuatano: nini kinaonekana kwenye chapa hii, kilitokana na nini, na kilinifanya niamue nini. Linganisha mifano hii miwili. Wa kwanza ni wa aina ninayokutana nayo mara nyingi:

"Mradi huu umenifundisha mambo mengi. Nilikutana na changamoto mbalimbali katika kuchonga na kuchapa, lakini kwa juhudi niliweza kuzitatua. Nimeridhika na matokeo ya kazi yangu."

Hakuna sentensi hapo isiyoweza kuandikwa na mtu aliyeshona gauni au kujenga ukuta. Sasa usome wa pili:

"Katika chapa H19-1, punje za katikati ya kibaba zimeungana zikawa doa moja jeupe, kwa sababu nilichonga hadi kuta nyembamba zilizozitenganisha zikavunjika. Kuanzia hatua ya 20 niliacha ukuta wa nusu milimita hivi kati ya punje na punje. Kuta hizo hazipokei wino kwa usawa: katika H20-1 ni nyeusi kabisa, katika H20-2 zimekatikakatika, na chapa hizo mbili zinapofuatana mchele unaonekana kutikisika. Sikuupanga mtikisiko huo. Niliuacha kwa sababu ulionyesha mchele ukijipanga upya kila unapoongezwa, jambo ambalo mchoro wangu wa kwanza, wenye punje zilizotulia, haukuweza kulionyesha."

Mwandishi wa aya hii ametaja kosa bila kujidhalili na ametaja mafanikio bila kujisifu. Ameonyesha pia kwamba anaelewa jambo la msingi katika kuunganisha sanaa hizi mbili, nalo ni kwamba tofauti ndogo kati ya chapa na chapa, ambazo mchapaji wa toleo angezihesabu kuwa dosari, ndizo zinazoipa animesheni ya chapa uhai wake. Ninaliamini hili kwa dhati. Ukizisafisha fremu zako zote kwenye kompyuta hadi zifanane, utakuwa umefanya kazi ya mkono kwa saa nyingi kisha ukafuta ushahidi wake.

9. Iweke kazi yako karibu na kazi za wengine, kwa kulinganisha mbinu. Kutaja majina makubwa hakuongezi kitu. Kulinganisha namna ya kufanya kazi kunaongeza. William Kentridge wa Johannesburg huchora kwa mkaa, hufuta na kuchora tena kwenye karatasi ileile huku akipiga picha kila badiliko, na vivuli vya yaliyofutwa hubaki vikionekana. Bamba lako nalo hubadilika likiwa lilelile, lakini haliwezi kufutwa, na tofauti hiyo inastahili aya. Picasso, akiwa kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950, alichonga bamba moja la lino kwa awamu na kuchapa kila awamu juu ya ile iliyotangulia kwa rangi nyingine. Kwake awamu zote hukutana kwenye karatasi moja, kwako hutawanyika kwenye karatasi 64 na kukutana machoni pa mtazamaji. Alexandre Alexeieff, aliyekuwa mchonga vielelezo vya vitabu, alishirikiana na Claire Parker katika miaka ya 1930 kubuni ubao wa pini nyingi sana zinazotupa vivuli, kwa kuwa alitaka picha inayotembea iwe na weusi na ukungu wa chapa. Chagua mmoja tu anayegusa tatizo ulilokuwa nalo kweli, na umwandike kwa sentensi chache.

10. Malizia kwa mpango unaoweza kutekelezwa. "Nitaongeza bidii" si mpango. "Katika mradi ujao nitachapa hatua tano za majaribio kwenye kipande kidogo cha bamba, nizipige picha na kuzitazama zikitembea kabla ya kuanza bamba kubwa" ni mpango, kwa sababu msimamizi anaweza kukuuliza mwezi ujao kama umeutekeleza.

11. Pitia maandishi na uyaunganishe na picha. Kila aya inayotaja chapa iwe na picha ya chapa hiyo karibu yake, yenye jina lake. Soma kwa sauti. Sentensi yoyote inayoweza kuhamishiwa kwenye mradi wa mwenzako bila kubadilishwa neno, iondoe.

Shida zinazojitokeza mara kwa mara

*Sikuandika chochote wakati wa kazi.* Hujapotea kabisa. Panga faili za fremu kwa tarehe na saa, tandaza chapa, weka bamba mezani, na ujenge upya mfuatano kutokana na vitu hivyo. Tafuta pia picha ulizowatumia wenzako kwa WhatsApp, kwani mara nyingi zina maelezo uliyoyaandika papo hapo bila kujua kwamba ulikuwa unatafakari. Ila usibuni shajara ya tarehe zilizopita. Eleza wazi kwamba maelezo yamekusanywa baadaye.

*Animesheni inawaka na kuzimika.* Chunguza kwanza kama chanzo ni wino au ni mwanga. Ikiwa karatasi nyeupe isiyo na picha, ile ya pembezoni, nayo inabadilika rangi kutoka fremu hadi fremu, tatizo ni mwanga au kamera, na unaweza kupiga upya. Ikiwa karatasi imetulia na weusi ndio unaobadilika, tatizo ni kiasi cha wino kwenye rola. La kwanza ni la kurekebisha. La pili lina nafasi ndani ya tafakuri, kwa kuwa unapaswa kuamua ni kiasi gani cha mabadiliko kinaisaidia hadithi.

*Chapa zimegandana.* Hutokea sana maeneo ya pwani, ambako unyevu wa hewa huchelewesha wino wa mafuta kukauka kwa siku kadhaa. Zikishagandana, zitenganishe taratibu kuanzia kona, na zile zilizochubuka zipige picha hivyohivyo. Safari ijayo, usizirundike hadi kidole kikigusa weusi kitoke safi. Wino wa maji hukauka haraka kwenye karatasi, lakini siku ya joto hukauka vilevile juu ya kioo kabla hujamaliza kuusambaza, kwa hiyo toa kidogokidogo.

*Kazi haikukamilika.* Hatua 20 za kuchonga ulizozifikia zinatosha kuandikiwa tafakuri kamili. Eleza kazi iliishia wapi na kwa sababu gani, ukirejea hesabu yako ya hatua ya 2 ya mwongozo huu, kisha uzishikilie picha ulizonazo kwa fremu nyingi zaidi na uandike jinsi mwendo ulivyobadilika. Usizijaze hatua zilizokosekana kwa kuchora kwenye kompyuta bila kusema.

*Tulifanya wawili.* Tumieni alama tofauti nyuma ya chapa kuonyesha nani alichonga na nani alichapa. Kila mmoja aandike juu ya maamuzi aliyoyafanya mwenyewe, na juu ya angalau uamuzi mmoja wa mwenzake ambao hakuukubali mwanzoni.

*Idadi ya maneno imepita kiwango.* Punguza chapa ulizozichagua kutoka sita hadi tatu, na aya za zile zilizobaki uziache na urefu wake wote. Ukipunguza kila aya kidogokidogo utabaki na maelezo mepesi ya vitu vingi. Cha kwanza kukatwa kiwe historia ya lino na maana ya neno animesheni, ambavyo msimamizi wako anavijua tayari.

*Msimamizi anasema bado ni ripoti.* Chukua kalamu ya rangi upigie mstari kila sentensi yenye "kwa sababu", "hivyo niliamua" au "sikutarajia". Ukurasa usiokuwa na mstari hata mmoja urudishe kwenye hatua ya 8 ya mwongozo huu, ukiwa na chapa yake mkononi.